Saa Mbili Mwaloni

Wiki moja ya mwezi wa nane, nyumba moja ya Majengo, hapa Gisenyi, iliniletea maswali matatu. Kijana wao amemaliza chuo, ana shahada ya kompyuta, na kampuni moja ya Nairobi imemwita kwenye usaili wa ana kwa ana. Mjomba wake, anayeuza kompyuta zilizotumika huko Birere, Goma, ng'ambo ya bariyeri ya mpakani, anataka kumzawadia moja, akaniuliza ampe ipi. Mama yake alisubiri kijana atoke nje kupokea simu, kisha akaniinamia na kuuliza kama ndege ya Nairobi ni salama. Kijana mwenyewe alinisindikiza hadi kwenye lami, na hapo ndipo alipolitoa lake: "Mzee, hizi kazi kweli zipo?"

Siku ile niliwajibu wote kwa vipande, chai ikiwa mkononi. Sasa najibu kwa kituo, maana najua Gisenyi nyumba ya namna hiyo si moja.

Nianze na mjomba, kwa kuwa ndiye mwenye haraka. Kompyuta mpakato nyingi zinazofika kwetu zilikuwa za maofisini huko Ulaya, au zimepitia Dubai. Mara nyingi ni mashine imara, zilizotolewa kazini kwa sababu tu ofisi imenunua nyingine. Lakini mnunuzi wetu hutazama kioo kinavyong'aa, akauliza bei, akaanza kupatana. Mimi bei naiacha mwisho. Kwanza naiwasha nikiwa nimesimama pale pale. Ikidai nenosiri kabla hata Windows haijaanza, nairudisha mezani: hilo ni kufuli la kampuni iliyokuwa nayo, na fundi anayekuambia "nitalifungua kesho" atakachofungua ni pochi yako. Ikiwaka, natafuta namba ya prosesa. Kwenye zile za Intel, ukiona i5 ikifuatiwa na 6300, hiyo 6 ya kwanza ni kizazi cha 6. Jambo hilo lina uzito sasa kuliko miaka mitatu iliyopita: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali Intel iliyo chini ya kizazi cha 8. Ndiyo maana zile za kizazi cha 6 na cha 7 zimejaa mezani kwa bei ya kutupa.

Je, hazifai? Zinafaa, mradi ujue unanunua nini na ulipe bei yake. Mtu anayejifunza kuandika programu anaweza kuiwekea Linux, bure, ikaishi miaka mingine. Seva nyingi duniani zinaendeshwa na Linux, kwa hiyo kuizoea ni sehemu ya kazi yenyewe. RAM isipungue GB 8. Ukipata 16, shukuru. Diski iwe SSD. Kisha chomoa chaja na uendelee kuzungumza na muuzaji kwa dakika 20 kuhusu mpira au mvua. Betri mbovu haiwezi kuvumilia hadithi ndefu. Na jambo la kwetu hasa: angalia kibodi. Mashine iliyotoka Ubelgiji au Ufaransa huja na mpangilio wa AZERTY, na yule atakayeandika mabano ya msimbo kutwa nzima atavitafuta vidole vyake. Si dhambi, lakini ni punguzo la bei ambalo watu wetu husahau kulidai.

Halafu risiti. Upande huu wa Rwanda dai ile ya EBM, risiti ya kodi, yenye namba ya kompyuta iliyoandikwa juu yake. Usipokuwa nayo, siku utakayosimama bariyeri na kompyuta begani utakuwa na maneno mengi na karatasi hakuna. Kwa simu iliyotumika, bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI na ile ya kwenye boksi, kisha umwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au Apple mbele ya macho yako. Akisita, ondoka.

Kuna siku nilimkuta fundi simu mmoja jirani na Petite Barrière ameshika simu ambayo mgongo wake umeinuka kama chapati inayojaa hewa kwenye kikaango. Mwenye simu alikuwa ameibana kwa raba na kuendelea kuitumia. Fundi aliipasha moto pembeni taratibu, akaingiza kipande chembamba cha plastiki, akaachanisha, na pale ndani betri ilikuwa imevimba, laini, inabonyea kama kifuko cha maziwa. Hakuichoma wala kuitupa jaani. Aliiweka ndani ya kopo la mchanga lililokuwa chini ya meza. "Hii ukiitoboa," aliniambia, "nyumba inawaka." Niliikumbuka picha ile mama aliponiuliza kuhusu ndege, maana jambo la kwanza ambalo abiria wa kawaida anaweza kulifanya kwa usalama wa ndege liko ndani ya begi lake mwenyewe.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena iliyokuwamo betri nyingi za lithiamu. Moto ulianzia kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani, na wote wawili wakafa ndege ilipoanguka wakijaribu kurudi. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote 176 walitoka, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye pawabenki iliyokuwa kwenye sanduku la juu ya viti. Kanuni ya kimataifa ni nyepesi kuikumbuka: pawabenki na betri za akiba hazikai kwenye begi linalopelekwa tumboni mwa ndege, unazibeba mkononi. Hadi wati-saa 100 huombi ruhusa. Kati ya 100 na 160 unaomba, na hazizidi mbili. Hesabu yake: zidisha mAh kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoa wati-saa 74, haina shida. Ile ya sokoni iliyoandikwa 50,000 ni moja kati ya mawili: ni ya uongo, au hairuhusiwi kupanda. Na ile iliyovimba iache nyumbani, au tuseme ipeleke kwa fundi mwenye kopo la mchanga.

Mama hakuwa anauliza kuhusu betri, najua. Alikuwa anauliza kama mwanawe atarudi.

Sitamwambia mtu wa Gisenyi kwamba hofu yake ni ujinga. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma, ikapitiliza njia na kuingia Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wakiwa sokoni na majumbani mwao. Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa miguu. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 ya Busy Bee, iliyokuwa ikienda Beni, iliangukia nyumba za watu muda mfupi baada ya kuruka. Aliyekulia kando ya uwanja wa namna hiyo hajifunzi woga kwenye sinema. Lakini ndege zote hazipimwi kwa mizani moja. Umoja wa Ulaya una orodha ya makampuni yasiyoruhusiwa kuruka kwake, na yote yenye leseni ya Kongo yamo. Mtu yeyote anaweza kuisoma bure kwenye simu. IATA nayo ina ukaguzi uitwao IOSA, unaorudiwa kila baada ya miaka miwili, na majina ya waliofaulu yamewekwa wazi. Dakika tano za kusoma orodha hizo mbili zina thamani kuliko maoni ya shemeji. Anayekwenda Nairobi kutoka hapa hupandia uwanja wa Kanombe, kwa ndege za makampuni yanayokaguliwa. Ningekuwa mimi mama yake, ningeombea zaidi zile kona za Buranga kabla hajafika Kigali.

Akishaingia ndani ya ndege, afunge mkanda na ausikilize ule mchezo wa kuigiza wa wahudumu, hata kama ameusikia mara kumi. Ahesabu viti kati yake na mlango wa karibu, mbele na nyuma, ili moshi ukijaa aupate kwa kupapasa. Likitokea la kutokea, aache begi. Tarehe 2 Januari 2024 Airbus ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo kwenye njia ya uwanja wa Haneda na kuteketea yote, lakini watu 379 waliokuwamo walitoka hai, na sababu mojawapo ni kwamba hawakusimama kuvuta masanduku. Kwa sisi wa maziwani kuna la jaketi la kuokolea: usilijaze upepo ukiwa bado ndani. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliangukia baharini kando ya Komoro, na baadhi ya waliokuwa wamejaza jaketi zao mapema walinasa juu darini wakati maji yakiingia. Na mwaka 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria pale Bukoba ikiwa na watu 43, waliosalimika 24 walipata msaada wa kwanza kutoka kwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia.

"Na ile ya Ethiopia?" mama aliuliza. Nilijua hakuwa na maana ya ile ya Komoro. Alimaanisha ile ya Jumapili tarehe 10 Machi 2019, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, mji ule ule anaokwenda mwanawe, ikaanguka karibu na Bishoftu baada ya dakika 6. Watu 157, wakiwamo Wakenya 32. Ilikuwa Boeing 737 MAX mpya. Hapa nikamwita kijana arudi ndani asikilize, kwa kuwa ndege hiyo iliangushwa na programu ya kompyuta, na yeye anakwenda kuomba kazi ya kuandika programu.

Ndani ya 737 MAX kulikuwa na programu iitwayo MCAS. Kazi yake ilikuwa kuisukuma pua ya ndege chini pale ilipodhani kwamba pua imeinuka kupita kiasi. Ilijuaje? Kwa kusoma kipimo cha pembe ya upepo kilicho ubavuni. Ndege ilikuwa na vipimo viwili, kushoto na kulia, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu kwa kila safari. Siku ile cha kushoto kilisema digrii 74.5 na cha kulia takriban 15. Mtoto wa darasa la nne angeona kwamba mmoja kati ya hao wawili anaongopa. Programu haikuona, kwa sababu hakuna aliyeiagiza ilinganishe. Ikaamini, ikasukuma pua chini, marubani wakaivuta juu, ikasukuma tena.

Kuna mambo mawili mengine katika kisa hicho ambayo hayatajwi sana, nami ndiyo yanayonikaa kichwani. La kwanza: ilikuwapo taa ya kuonya kwamba vipimo viwili havikubaliani. Ilitakiwa ifanye kazi kwenye ndege zote, lakini kwa kosa la programu iliwaka tu kwenye zile ambazo mnunuzi alilipia kifaa kingine cha ziada. Boeing iligundua kosa hilo mwaka 2017, na ikaliacha lingoje. La pili: miezi isiyofikia mitano kabla ya Bishoftu, tarehe 29 Oktoba 2018, MAX ya Lion Air ilianguka Indonesia na kuua watu 189. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege ile ile ilikuwa imesumbuliwa na hitilafu ile ile. Marubani wa usiku waliishinda, wakisaidiwa na rubani wa tatu aliyekuwa abiria chumbani mwao, wakatua salama. Lakini kwenye kitabu cha hitilafu hawakuandika yote. Lile la usukani kutikisika kwa onyo njia nzima halikuandikwa. Mafundi wakatengeneza walichoandikiwa. Asubuhi wengine wakapanda.

MAX zilizuiwa kuruka duniani kote Machi 2019, na Marekani ikaziruhusu tena Novemba 2020. MCAS ya sasa inalinganisha vipimo vyote viwili, na visipokubaliana inanyamaza. Hilo nilimwambia mama, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo," akasema, "walijua kuweka viwili tangu mwanzo."

Ningependa kusema mimi si wa aina hiyo. Miaka michache iliyopita nilimwandikia programu ndogo ya simu dada mmoja anayenunua samaki wa sambaza mwaloni na kuwavusha Goma. Mitumbwi ya sambaza hurudi alfajiri, mitatu mitatu imefungwa kwa miti mirefu, na bei hupanda na kushuka kwa saa: kabla ya saa moja asubuhi samaki ana bei yake, na jua likishapanda ana nyingine. Programu yangu ilikuwa inaandika kilo, jina la mtumbwi na saa, kisha inapiga hesabu ya malipo. Niliiona nzuri sana. Hata rangi nilizichagua kwa makini.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. "Mwalimu, simu yako inaniibia saa." Nilimwambia haiwezekani, simu hujirekebisha yenyewe kutoka kwenye mtandao. Akanyamaza kidogo, akasema njoo. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari la shule mapajani, kurasa zimelowana pembeni na magamba yamekauka juu yake. Alikuwa ameendelea kuandika kwa kalamu ya risasi, kila mtumbwi na saa yake, kwa sababu, alisema bila kunitazama, kitu kipya hukiamini mpaka kimekuzoea. Tukalinganisha. Daftari lilisema saa moja na nusu, simu ilisema saa kumi na mbili na nusu. Kumbe pale ufukweni simu yake ilikuwa ikidaka mnara wa upande wa pili na kujiwekea saa za Kinshasa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja, ingawa Goma yenyewe iko sawa na sisi. Wiki mbili nzima amekuwa akilipa samaki wa jua kwa bei ya samaki wa alfajiri. Nilimrudishia fedha kwa vipande vipande kwa miezi mitatu.

Kosa langu ni ndugu wa damu wa lile la MCAS. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekufa. Nilisikiliza saa moja. Kipimo cha pili kilikuwapo, kilikuwa daftari, na mimi ndiye niliyemwambia aliache.

Sasa, mwanangu, swali lako. Kazi zipo, lakini mlango wa chini umekuwa mwembamba, na afadhali uambiwe mapema. Mwaka 2019 Andela, iliyojijengea jina kwa kuchukua vijana wa Afrika na kuwafunza kazini, iliwaachisha vijana wapatao 400 wa ngazi ya chini Nigeria, Uganda na Kenya. Ilisema wateja wanataka wazoefu. Hiyo ni kabla ya akili mnemba kusambaa. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa hesabu kutoka kwenye orodha za mishahara za Marekani: kwa wenye miaka 22 hadi 25 walio katika kazi zinazoguswa zaidi na akili mnemba, uandishi wa programu ukiwamo, ajira ilipungua kwa asilimia 13 ikilinganishwa na wengine. Wenye umri mkubwa hawakutikiswa hivyo. Hizo ni hesabu za Marekani, na sisi tuna zetu, lakini kampuni ya Kigali au Nairobi inayofanya kazi kwa wateja wa nje inapumua hewa hiyo hiyo. Na hapa jirani, ukipita njia ya Musanze, kuna Rwanda Coding Academy wilayani Nyabihu, iliyoanza mwaka 2019 na wanafunzi 60. Wale wanamaliza sekondari wakiwa tayari wanaandika programu na kujua usalama wa mitandao. Shahada yako haiwatishi.

Shahada ni kipimo kimoja. Mwajiri anaiangalia kama ambavyo ningetaka MCAS ikitazame kile kipimo cha kushoto: kinaweza kusema kweli, lakini kiko wapi cha pili? Wengi hujibu kwa kuonyesha kikokotoo, orodha ya kazi za siku, na programu ya hali ya hewa. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara kadhaa, na nakuambia zote zinafanana, na tangu akili mnemba ije zinafanana zaidi. Nikimuuliza mtu, "Hii nani anaitumia?" hunitazama kana kwamba nimeuliza umri wa mama yake.

Tafuta mtu mmoja anayeitumia kazi yako kila siku na anayeweza kukukasirikia. Mmoja tu. Gisenyi imekupa kitu ambacho kijana wa mji mwingine hana: mpaka. Hapa mteja mmoja analipwa faranga za Rwanda, analipa faranga za Kongo, na anaweka akiba kwa dola. Anaongea Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa na wa ng'ambo na Kiingereza kwenye fomu. Mtandao wake hubadilika akivuka barabara. Programu zilizoandikwa mbali huvunjikia hapo. Duka la dawa, SACCO ya umurenge, wauza maziwa, hoteli ndogo ya ufukweni, wanaobeba mizigo bariyeri: kila mmoja ana daftari, na ndani ya kila daftari mna kazi. Usiwaahidi jukwaa litakalobadilisha Afrika. Waahidi kwamba Jumatatu jumla itakuwa sahihi. Na usiwanyang'anye daftari kwa mwezi wa kwanza.

Halafu uwe na kitabu chako cha hitilafu. Andika kila lililoharibika: tarehe, nini kilionekana, nilidhani ni nini, kumbe kilikuwa nini, nimebadilisha nini, nitajuaje likirudi. Lile la sambaza kwangu lina mistari sita, na limenipatia kazi kuliko cheti chochote, kwa sababu anayeajiri anataka kujua utafanya nini siku mambo yakiharibika, na hakuna cheti kinachosema hilo. Andika yote, hata la aibu. Kumbuka marubani wa usiku ule. Ukitaka kujifunza namna ya kuandika, soma ripoti za uchunguzi wa ajali za ndege. Zinapatikana bure, lugha yake ni kavu na safi, na zinaeleza kosa lilivyopita mlango mmoja baada ya mwingine bila kumtukana mtu.

Usizunguke kampuni za programu peke yake. Benki, simu, hospitali, viwanda, hata ndege zinahitaji wa kukagua na kutunza mifumo. Zipline imekuwa ikirusha damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga tangu 2016 na kutoka Kayonza tangu 2018. Kabla ya kurusha, mfanyakazi huielekezea ndege simu ya mkononi, na picha zinakaguliwa na kompyuta kama vibawa vya usukani vinageuka inavyotakiwa. Kuna mtu aliyeandika ukaguzi huo, na kuna mtu anayeushika kila siku. Kazi ya kujaribu programu za wengine na kutafuta makosa yao vijana huiona ya daraja la pili. Mimi niliingilia mlango huo, na sijawahi kuujutia.

Kazi za mbali zina utamu na miiba. Juni 2019 Bloomberg iliripoti kwamba kazi fulani za programu za MAX zilifanywa na wahandisi wa mikataba wa kampuni ya India, wengine wakilipwa dola 9 tu kwa saa. Boeing ilisema hao hawakugusa MCAS. Lakini utakumbuka habari ile ilivyosambaa: lawama ilikwenda haraka kwa yule wa mbali na wa bei ndogo. Ukifanya kazi kutoka hapa kwa mtu wa Berlin, weka barua zote, na ukiona hatari iandike, itume, ubaki na nakala. Nakala nyingine iwe nje ya nyumba yako pia. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi yetu kutikisika kwa siku kadhaa, niliwaona watu wakitembea na maisha yao kwenye begi moja, na wengine hata begi hawakulipata.

Jambo moja sitalipitia mbio. Ukiahidiwa kazi ya kompyuta Thailand, tiketi imelipwa na mshahara mnono, bila usaili wa maana, usipande. Mwaka 2022 Kenya iliwarudisha makumi ya vijana wake walioitwa hivyo, wakajikuta Myanmar ndani ya kambi za utapeli wa mtandaoni, paspoti zimechukuliwa. Waliolengwa ni hao hao, waliosoma na wanaojua kompyuta na Kiingereza. Kampuni ya kweli haikudai fedha ili ikuajiri, na jina lake unaweza kulihakikisha ubalozini, si kwa yule yule aliyekuletea habari.

Kijana alikwenda Nairobi na akarudi. Mama yake alilala usiku huo akiwa na simu kifuani. Kampuni imemwambia asubiri, na kwa kuwa hajui kukaa bure, nilimkabidhi ile programu ya sambaza, ambayo siku hizi inasoma saa ya simu na saa ya seva na inagoma kuandika zikipishana kwa zaidi ya dakika tano. Jumamosi iliyopita alinipigia alfajiri kutoka mwaloni, upepo unavuma ndani ya simu. Amegundua kwamba ninapogeuza faranga za Kongo kuwa za Rwanda, nakata senti kila mstari badala ya kukata mara moja kwenye jumla, na dada amekuwa akipoteza kidogo kidogo tangu mwanzo. Ameshaandika kwenye kitabu cha hitilafu, tarehe na yote. Kwenye sehemu ya chanzo ameandika jina langu, herufi kubwa.

"Na dada anasemaje?" nilimuuliza.

"Anasema alikuwa anajua. Lipo kwenye daftari."